Kumvua Besi Katika Bwawa la Shamba

Mkulima, ikiwa shamba lako liko katika skimu za Kinangop, Ol Kalou au sehemu nyingine za nyanda za juu, yamkini karibu nawe kuna bwawa la zamani. Mabwawa mengi ya namna hii yalichimbwa na walowezi kwa ajili ya kunywesha ng'ombe. Mashamba yao yalipoanza kugawanywa, katika miaka ya 1960, mabwawa yakawa ya wakulima wa skimu. Katika baadhi yake kulikuwa kumetiwa samaki: tilapia, na pamoja nao samaki mwenye mdomo mkubwa aitwaye besi.

Somo la mwezi huu ni juu ya besi huyo: jinsi ya kumvua kwa ndoana, na jinsi ya kuijua hali ya bwawa lako kwa kuwatazama samaki unaowatoa. Mambo hayo mawili hayatengani. Mtu avuaye bila kutazama atakula samaki wazuri kwa muda, kisha atabaki na bwawa lililojaa tilapia wa ukubwa wa kidole, ambao ni miiba mitupu na hawashibishi mtoto.

MJUE SAMAKI MWENYEWE

Besi si mwenyeji wa nchi hii. Asili yake ni Marekani ya Kaskazini, na katika Ziwa Naivasha alitiwa mwaka 1929. Kumtambua si kazi. Mgongo wake ni wa kijani, tumbo ni jeupe, na ubavuni ana mstari mweusi kutoka kichwani hadi mkiani. Mdomo wake ni mkubwa hata pembe yake hupita nyuma ya jicho. Pezi la mgongoni lina miiba, nayo huchoma.

Besi hali majani. Hula kitu chochote kiendacho kinachoweza kuingia mdomoni: vidagaa vya tilapia, vyura, panzi walioanguka majini, na hata besi wenzake walio wadogo. Wale kamba wekundu wenye magando, waliotiwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1970, waligeuka kuwa chakula kikubwa cha besi wa huko.

Walakini hakimbizi chakula mbali kama mbwa wa kuwinda. Yeye huvizia kama paka. Hukaa kimya kando ya kitu kinachomficha, na chakula kikipita karibu huruka mara moja na kukivuta ndani pamoja na maji. Ukilishika jambo hili moja, umeshika nusu ya somo lote, maana sasa wajua kwamba katikati ya bwawa tupu, penye maji meupe yasiyo na kitu, si mahali pa kupoteza jioni yako.

UFITO, MSHIPI NA NDOANA

Dukani utaonyeshwa fimbo za kila rangi, vigurudumu vya kukunjia mshipi, na visanduku vya vyambo bandia vinavyometameta. Vingine ni vizuri kweli. Lakini besi haioni fimbo yako. Anachokiona ni ile dhiraa moja ya mwisho ya mshipi, ndoana na chambo. Basi pesa zako zianzie hapo.

Chukua mwanzi mkavu wenye urefu wa mita 3 au 4, wenye ncha inayopindika bila kuvunjika. Funga mshipi wa nailoni wenye nguvu ya kilo 4 hadi 6, urefu wake sawa na mwanzi. Mshipi uliokaa juani miaka miwili dirishani mwa duka haufai. Uvute kwa mikono kabla ya kuununua. Ndoana za nambari 2 au 1 zafaa kwa mnyoo na panzi. Kwa chura mdogo chukua 1/0. Angalia, hesabu hii ina kinyume: ndoana nambari 6 ni ndogo kuliko nambari 2, lakini 1/0 ni kubwa kuliko 1. Ijaribu ncha yake juu ya ukucha wako. Ikikwama, ni kali. Ikiteleza, inoe kwa tupa ndogo. Samaki wengi wanaosemwa kuwa "walijinasua" hawakupata kunaswa hata kidogo, kwa sababu ndoana ilikuwa butu.

Fundo nalo lina maana. Pitisha mshipi katika tundu la ndoana, uuzungushe juu yake wenyewe mara tano, kisha rudisha ncha yake ndani ya kile kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu. Lowesha kwa mate kabla ya kukaza, maana nailoni kavu hujiunguza kwa msuguano na kudhoofika.

Ukitaka kufika mbali kuliko mwanzi, tumia kopo tupu la maziwa. Kunja mita 30 za mshipi juu yake. Kwa mkono mmoja elekeza mdomo wa kopo majini. Kwa mkono wa pili zungusha chambo chako na kukirusha. Mshipi utatoka wenyewe katika kopo. Na chambo cha kurusha waweza kukitengeneza kwa kijiko cha chai kilichochakaa: kata mkono wake, lainisha kingo kwa tupa, toboa tundu kila upande kwa keekee, tia mshipi upande mwembamba na ndoana upande mpana kwa pete ndogo ya waya mgumu. Kikivutwa polepole huyumba na kumeta kama kisamaki kilichojeruhiwa.

Msidhani haya ni maneno ya kuwafariji wasio na pesa. Besi mkubwa sana, ratili 22 na aunsi 4, yaani kilo 10 na zaidi, alivuliwa na kijana mkulima, George Perry, katika jimbo la Georgia, Marekani, tarehe 2 Juni 1932. Yasimuliwa kwamba siku hiyo mvua ilikuwa imelowesha mashamba hata halikulimika jembe, naye akaenda kuvua na rafiki yake, wote wawili wakiwa na fimbo moja na chambo bandia kimoja. Samaki aliliwa nyumbani. Ilipita miaka 77 kabla ya kupatikana besi mwingine wa uzito kama ule, katika Ziwa Biwa huko Japani mwaka 2009.

MAHALI KWANZA, CHAMBO BAADAYE

Kabla ya kufungua mshipi, zunguka bwawa lote kwa miguu, polepole, bila kukanyaga kwa kishindo. Tafuta ukingo wa matete, mti ulioanguka majini, mawe ya ukuta wa bwawa, na mahali ambapo kina kifupi kinaingia ghafula katika kina kirefu. Tazama pia upepo. Upande ambao upepo unasukuma maji ndiko wadudu na visamaki hukusanyika, na besi huwafuata. Kivuli chako kisianguke majini.

Siku za joto besi huja kando asubuhi na mapema na jioni, na wakati wa jua kali hukaa kivulini au chini. Lakini wewe uliye Kinangop usilishike neno hilo kama sheria. Damu ya samaki hufuata baridi ya maji. Katika miezi ya ukungu, Juni hata Agosti, maji ya alfajiri ni baridi mno, na besi huwa mzito, hana haja ya kula. Ngoja jua lipashe maji, ukavue tangu saa sita hadi saa kumi, penye kina, na chambo chako kiende polepole sana. Mvua kubwa ikiyafanya maji kuwa ya tope, besi haoni mbali. Hapo tumia chambo kikubwa cha rangi nyeusi, na ukipitishe karibu kabisa na maficho yake, maana husikia mtikisiko wa maji kwa ubavu wake.

Watoto wasiende bwawani peke yao. Ukingo wa mabwawa haya ya kuchimbwa huteremka ghafula, na tope la chini hushika miguu.

BADILI JAMBO MOJA TU

Hapa ndipo wengi huharibu. Tuseme umevua saa nzima na mnyoo kando ya matete, chelezo hakijatikisika. Unakasirika, unahama upande wa pili, unatia panzi, unaongeza risasi, na mara unapata samaki. Umefurahi, lakini umejifunza nini? Hujui kama ni mahali, au chambo, au kina kilichokupa samaki yule. Kesho utaanza upya kama mtu asiyepata kuvua.

Afadhali ufanye hivi. Kaa pale pale, chambo kile kile, usogeze chelezo tu ili ndoana ishuke nusu mita zaidi. Robo saa ikipita bure, badili chambo. Ikipita tena bure, hapo ndipo uhame. Jioni nne au tano za namna hiyo zitakufundisha bwawa lako kuliko maneno ya mtu yeyote, pamoja na haya yangu.

Uwe na daftari. Andika tarehe, saa, upepo ulitoka wapi, maji yalikuwa meupe au ya tope, ulivua mahali gani, kina gani, kwa chambo gani, na urefu wa kila samaki. Siku usizopata kitu andika vilevile. Hizo watu huziacha, nazo ndizo zenye mafunzo. Na kila besi utakayemchinja, mpasue tumbo na utazame alichokula. Ukikuta vyura, kesho vua penye vyura.

Chelezo kikizama, usivute kwa pupa ukiwa na chambo cha mnyoo; ngoja mshipi ukazike, ndipo uvute kwa nguvu mara moja. Kwa kijiko vuta papo hapo, kwa kuwa besi akiona ni chuma atakitema. Akiruka juu ya maji na kutikisa kichwa, inamisha ncha ya mwanzi na usilegeze mshipi. Akifika ukingoni mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba. Meno yake ni kama msasa, hayatakukata.

SAMAKI WAKUAMBIA NINI

Sasa chukua daftari ukalisome. Tilapia huzaa upesi mno. Bwawani ambamo hakuna wa kuwala watoto wao hujaa, hugombania chakula, na hudumaa. Besi ndiye apunguzaye watoto hao, na wachache wanaobaki hukua hata kufaa sahani. Ikiwa miezi ya karibuni tilapia wako wote ni wadogo, na besi unaowapata ni wachache lakini wamenenepa, bwawa linasema besi wamekwisha kuvuliwa kupita kiasi. Acha kuwatoa. Vua tilapia, tena wengi.

Ikiwa kinyume chake besi ni wengi, wote wa urefu mmoja, wembamba, wenye vichwa vikubwa kuliko miili, basi wao ndio waliozidi na chakula hakiwatoshi. Hapo toa besi wadogo bila huruma, na wale wakubwa uwarudishe majini. Hii ndiyo faida ya ndoana juu ya wavu: kwa ndoana unachagua, lakini wavu wa matundu madogo hauchagui. Ikiwa bwawa ni la pamoja, leta daftari mbele ya majirani mkubaliane. Mkulima mmoja hawezi kurudisha besi majini mchana ikiwa mwenzake anatega wavu usiku.

Ukiona kando ya bwawa duara safi iliyofagiliwa chini ya maji, na besi mmoja amesimama juu yake hataki kuondoka, huyo ni dume anayelinda mayai. Ni rahisi sana kumvua, kwa maana hupiga kila kitu kinachokaribia. Usimguse. Akiondolewa, tilapia watayala mayai yote kwa muda mfupi.

Usimchukue besi hai kumtia katika mto au bwawa la jirani bila idhini ya ofisi ya samaki. Katika bwawa la kufugia vifaranga vya tilapia atakula mtaji wote wa mwenye bwawa, na akiingia mtoni hakuna awezaye kumtoa tena. Na ukienda kuvua Ziwa Naivasha, uliza kwanza ofisini habari za leseni na za miezi ambayo ziwa limefungwa, tena ujihadhari na viboko, hasa jioni na usiku wanapotoka majini kula majani.

Besi wa kula achinjwe mara moja na awekwe kivulini juu ya majani yaliyolowa, wala asiachwe juani ndani ya mfuko. Watu wengine hulalamika kwamba ananuka tope. Harufu hiyo imo zaidi katika ngozi na mafuta. Mchune ngozi badala ya kumpara magamba, ukate minofu kila upande wa uti wa mgongo, uipake chumvi na limau kwa nusu saa, kisha ikaangwe kwa mafuta yenye moto sana. Vichwa na mifupa vitoe supu.