Jeni Iliyolala Ikiamka: Alfa-fetoprotini na Ubashiri wa Saratani ya Ini

Kila seli ya ini hubeba jeni zote za mwili, lakini si zote zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Baadhi hufunguliwa, nyingine hufungwa. Jeni ya alfa-fetoprotini, kwa mfano, hutumika sana katika ini la kijusi. Mtoto azaliwapo, hufifia hadi ikakaribia kunyamaza kabisa.

Mnamo 1963, Garri Abelev na wenzake mjini Moscow walibaini kuwa panya wenye uvimbe wa ini walitoa tena protini hiyo ya uchangani. Muda si muda ikaonekana pia katika damu ya wagonjwa.

Tangu hapo, kipimo hicho kimekuwa kigezo kimojawapo cha kubashiri mwenendo wa ugonjwa: kiwango kinapopanda mno, aghalabu uvimbe huwa mkali. Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi hutegemea pia ishara za VEGF, zinazoamuru mishipa mipya ya damu ichipuke. Ndiyo sababu ramusirumabu, dawa inayoziba kipokezi cha ishara hizo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa wagonjwa waliokwisha kutumia sorafenibu na wenye nanogramu 400 au zaidi kwa kila mililita.

Hata hivyo, kipimo hiki hakitoshi peke yake. Ujauzito na homa ya ini huweza kupandisha kiwango hicho, na zipo saratani za ini zisizokipandisha kamwe. Kwa hivyo, tabibu hukisoma pamoja na picha za ini na hali ya mgonjwa, kabla ya kutamka neno litakalobadilisha maisha ya familia nzima.