Kompyuta na Bima ya Afya: Nani Akatae?

Bima ya afya ni mkataba. Unalipa ada, ukiugua kampuni inagharamia matibabu. Lakini kabla haijalipa huuliza, "Kweli matibabu haya yanahitajika?" Kule Marekani, kampuni kadhaa siku hizi husaidiwa na akili bandia kujibu swali hilo.

Programu husoma rekodi za wagonjwa wengi waliotangulia, kisha hukisia: mzee aliyevunjika nyonga atauguzwa siku kadhaa tu. Hapo ndipo penye taabu. Makisio ni ya wengi, mgonjwa ni mmoja. Pengine ana kisukari, kidonda hakijapona, na nyumbani hana wa kumshika mkono. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Novemba 2023, jamaa za wazee wawili waliofariki waliishtaki kampuni ya UnitedHealth huko Minnesota. Walidai programu iitwayo nH Predict ilitumiwa kuwakatia wazee hao malipo ya uuguzi, kinyume cha ushauri wa madaktari wao. Kampuni ilikana, ikasema programu ni mwongozo tu.

Jimbo la California nalo likatunga sheria, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2025: anayeamua kwamba matibabu hayahitajiki sharti awe daktari au mtaalamu mwenye leseni, si kompyuta.

Mimi naona hiyo ni haki. Kompyuta ikikubali upesi, vyema. Ikitaka kukataa, basi awepo mtu wa kuulizwa. Nawe ukikataliwa, usinyamaze: dai sababu kwa maandishi, kisha kata rufaa.