Somo la Afya: Kazi Ndogo za Nyumbani kwa Wazee Wetu

Somo letu la leo ni juu ya wazee. Linawahusu wazee wenyewe, na linawahusu vijana wanaoishi nao. Kama nyumbani kwako yuko bibi au babu asiyejua kusoma, msomee somo hili kwa sauti. Asipoelewa, rudia.

Nani amestaafu?

Mtumishi wa serikali akifika umri wa kustaafu hupewa barua. Mtu aliyefanya kazi kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, au migodi ya dhahabu ya Geita, naye huagwa akarudi kwao. Lakini mkulima hapewi barua. Siku moja anaona jembe limekuwa zito. Magoti yanauma. Uzi hauingii tena kwenye tundu la sindano. Hapo amestaafu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema kwamba mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi.

Mtu akifika hapo, nyumba zetu hufanya moja ya makosa mawili.

Kosa la kwanza: mzee anaambiwa, "Wewe pumzika tu." Anakaa chini ya mti toka asubuhi mpaka jioni.

Kosa la pili: mzee anageuzwa punda. Anachota maji, anabeba kuni, anatwanga, analea wajukuu wote. Vijana wako kilabuni au machimboni.

Makosa yote mawili yanamdhuru mzee. Tuone kwa nini, halafu tuone kazi zinazofaa.

Kukaa bure ni ugonjwa

Mwili usiotumika hulegea. Misuli ya miguu inapungua nguvu. Viungo vinakakamaa. Hamu ya chakula inapotea, choo kinakuwa kigumu, na usiku usingizi hauji. Mawazo yanakuwa mengi. Mzee akitaka kuinuka, miguu haimshiki, naye anaanguka. Mzee akivunjika nyonga, huenda asitembee tena.

Shirika la Afya Duniani linashauri wazee waushughulishe mwili angalau dakika 150 kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku, kwa siku 5. Si lazima iwe mara moja. Dakika 10 asubuhi, dakika 10 mchana kivulini na dakika 10 jioni zinatosha.

Kipimo cha kazi ni rahisi. Mzee akifanya kazi huku anaongea vizuri, kazi hiyo inamfaa. Akishindwa kumaliza maneno kwa sababu ya kuhema, kazi ni nzito mno. Apumzike.

Kazi ya kwanza: jiko la moshi kidogo

Tunaanza na jiko kwa sababu jiko linaweza kuokoa maisha ya mzee kwa njia mbili.

Sehemu nyingi za Shinyanga hazina miti mingi. Zamani misitu ilifyekwa ili kuua mbung'o na kupata mashamba. Kwa hiyo mama zetu wengi wamepikia mabua ya mtama, miti ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe. Moshi wake ni mkali. Bibi aliyepikia moshi huo kwa miaka 50, macho yake hubadilika. Yanawasha. Yanatoa machozi. Yanakuwa mekundu.

Ndugu msomaji, hapa tuseme wazi. Katika nchi yetu ya Usukuma wako bibi vizee waliokatwa mapanga na kuuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Watu walisema ni wachawi. Mtoto alipougua, au ng'ombe alipokufa, walimtazama bibi machoni.

Macho mekundu si alama ya uchawi. Ni jicho lililoumizwa. Huumizwa na moshi, vumbi, au ugonjwa wa vikope. Fikiri vizuri. Bibi yule alikaa kwenye moshi akipika ugali. Wewe ulikula ukashiba, ukakua. Leo unayaogopa macho yale yale yaliyoungua kwa ajili yako?

Moshi huo huo unaharibu mapafu ya mpishi. Mtoto mdogo anayebebwa mgongoni jikoni hupata nimonia kwa urahisi. Kwa hiyo jiko zuri linamlinda bibi na mjukuu pamoja.

Mzee anaweza kusimamia ujenzi wa jiko la udongo. Kijana afanye kazi ya kuchimba na kukanyaga. Fanyeni hivi:

1. Chukueni udongo wa kichuguu. Pondeni mabonge. Changanyeni na nyasi kavu zilizokatwa vipande vifupi. Tieni maji, mkanyage mpaka ulainike. Funikeni kwa siku chache.

2. Pimeni udongo. Finyangeni kitonge cha ukubwa wa ngumi, mkiache kikauke. Kikipasuka, ongezeni mchanga. Kikimomonyoka, ongezeni udongo wa kichuguu.

3. Jengeni msingi wa matofali au mawe, ili mpishi asiiname sana.

4. Wekeni juu ya msingi chungu au sufuria mnayotumia kila siku. Jengeni udongo kuizunguka, unene wa kiganja. Mbele acheni mlango wa kuni. Nyuma acheni nafasi ya sufuria ya pili. Moto upite chini ya sufuria ya kwanza, uende ya pili, halafu moshi utoke nje kwa bomba la udongo kupitia ukutani.

5. Bomba likae mbali na nyasi za paa. Nyumba isije ikaungua.

6. Acheni jiko likauke polepole kwa wiki 2 au 3. Zibeni nyufa kila siku. Msiwashe moto kabla halijakauka.

Baada ya hapo tumieni kuni kavu zilizopasuliwa ndogo. Kuni mbichi zinatoa moshi hata katika jiko zuri. Jikoni pawe na dirisha.

Kumbuka: jiko linapunguza moshi, lakini halitibu jicho. Mzee mwenye macho mekundu, au anayeona ukungu, apelekwe zahanati. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na mzee akaona tena. Vikope navyo vina dawa, na kope zilizogeukia ndani hurekebishwa kwa upasuaji mdogo. Usimtie mzee maji ya majani, sukari wala mkojo machoni. Utampofusha.

Kazi ya pili: ngitili na miti

Jiko linataka kuni, na kuni zinatoka kwenye miti. Wazee wa Usukuma wanajua ngitili, yaani eneo linalofungwa ili nyasi na miti viote. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Mradi huo ulikwisha mwaka 2004. Haukuleta kitu kigeni. Ulifufua ngitili ambazo wazee walikuwa wakizijua tangu zamani, na mbuga zilizokuwa tupu zikaota miti tena.

Kuitembelea ngitili ya nyumbani asubuhi, na fimbo mkononi, ni kazi nzuri kwa mzee. Miguu inapata mazoezi. Anaona kama ng'ombe wameingia. Aende na mjukuu, amfundishe majina ya miti na mipaka ya eneo. Penye wazee haliharibiki neno.

Kazi ya tatu: mboga kwenye gunia

Mzee mwenye maumivu ya mgongo hawezi kuinama juu ya tuta. Basi tuta limfuate yeye. Chukua gunia. Changanya udongo na samadi iliyooza. Simamisha mawe madogo katikati, toka chini mpaka juu, ili maji yashuke vizuri. Jaza udongo pembeni ya mawe. Toboa matundu ubavuni. Panda mchicha au sukuma wiki kwenye matundu na juu. Liweke karibu na mlango. Maji yaliyooshea mboga au mchele yatamwagiliwa hapo.

Mzee atachuma mboga akiwa amekaa kwenye kigoda. Mboga za majani humsaidia kupata choo laini na huongeza damu.

Wakati wa mavuno zipo kazi nyingine za kukaa. Bibi anaweza kukata viazi vitamu vya kutengenezea michembe, au kumenya vilivyochemshwa vya matobolwa. Anaweza kukausha majani ya kunde. Majani yakaushwe kivulini, maana jua kali linaua vitamini A. Hiyo ndiyo vitamini inayolinda macho.

Kazi ya nne: kuku na kamba

Kuku wachache wa kienyeji humpa mzee mayai na fedha kidogo ya chumvi na sabuni. Mzee mwenye fedha yake haombi kila kitu. Lakini kideri kinaweza kumaliza kuku wote kwa wiki moja. Muulizeni bwana mifugo juu ya chanjo ya matone ya jicho. Hutolewa kila baada ya miezi 3, kabla ugonjwa haujaingia. Kuku wawe na banda lao, wasilale na mzee chumbani.

Babu anaweza kusokota kamba za mkonge, kutengeneza mipini au kuchonga vigoda. Vidole vinavyofanya kazi havikakamai upesi.

Hapa kuna onyo. Utomvu wa minyaa inayozunguka nyumba zetu unachoma jicho vibaya. Mzee asikate ua wa minyaa. Utomvu ukiingia jichoni, osha mara moja kwa maji mengi safi, kwa dakika 15 au zaidi. Halafu nenda zahanati.

Kazi zisizofaa

Kwenye maeneo ya dhahabu, kama vile Geita, Nyarugusu na Kahama, wazee wengine hupewa kazi ya kuponda mawe nyumbani. Watu husema ni kazi ndogo, maana mzee anaponda akiwa amekaa. Si kazi ndogo. Vumbi la mawe hayo huingia mapafuni na kuacha makovu yasiyopona. Mapafu yenye makovu hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Mzee aliyechimba ujanani ana vumbi tayari. Usimwongezee.

Mbaya zaidi ni kuchoma zebaki. Zebaki ikipata moto hugeuka mvuke. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Unaingia mwilini kwa pumzi, na mwingine unabaki kwenye kuta na paa la nyumba. Mtu anaanza kutetemeka mikono, anasahau, anakosa usingizi. Watu wanasema, "Ni uzee tu." Huenda si uzee. Huenda ni sumu. Usichome zebaki jikoni, wala kwenye chombo cha kupikia, wala karibu na mama mjamzito na watoto.

Kubeba maji na kuni kutoka mbali pia si kazi ya mzee. Hiyo ni kazi ya vijana.

Mambo ya kuangalia

Mzee afanye kazi asubuhi na jioni, si katika jua kali. Anywe maji hata kama hana kiu, maana mzee hasikii kiu upesi. Njia ya chooni isiwe na mawe wala mashimo. Simika mti imara chooni, ili ashike anapochuchumaa na kuinuka. Kazi hiyo kijana anaimaliza kwa siku moja.

Kazi isimame, na mzee apelekwe zahanati au kituo cha afya, mkiona mambo haya:

- Kifua kinabana au kinauma.
- Anahema hata akiwa amekaa.
- Kizunguzungu, au ameanguka bila sababu.
- Mdomo umepinda, au upande mmoja wa mwili umelegea ghafla. Huyu awahishwe saa hiyo hiyo.
- Kikohozi cha wiki 2 au zaidi. Apimwe kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure.

Ndugu msomaji, mzee mwenye kazi yake nyumbani anaonekana. Majirani wanakuja kununua yai, kuuliza mbegu, kutazama jiko. Mzee anayekaa peke yake kwenye giza la moshi hazungumzi na mtu, na maneno mabaya huanzia hapo. Leo jioni muulize mzee wako, "Ungependa kazi gani?" Usimchagulie. Halafu kesho mkachimbe udongo wa kichuguu.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini kukaa bure kunamdhuru mzee?
2. Taja mambo matatu yanayofanya macho kuwa mekundu.
3. Kijijini kwenu wako wazee wanaoishi peke yao na kupikia moshi? Darasa lenu linaweza kumjengea nani jiko mwezi huu?
4. Kwa nini kuponda mawe ya dhahabu si kazi ndogo?
5. Mtu akisema mbele yako kwamba bibi fulani ni mchawi kwa sababu ya macho yake, utamjibu nini?