Mgeni wa miaka 16: somo juu ya jamaa zinazopokea

Lengo la somo: kusaidia jamaa zilizohama, jamaa zilizowapokea na wakubwa wa mitaa waone pamoja ni nini kinachomwinua kijana anayesoma mbali na kwao.



Katika kazi yetu kambini na mitaani, swali moja linarudi kila mara: «Mtoto wangu amepoteza masomo, karatasi zake zimebaki nyuma. Je, maisha yake yamekwisha?» Leo tujibu kwa kumwangalia kijana mmoja Myahudi, Albert Einstein. Wengi wanamjua kama mtaalamu mkubwa aliyepewa zawadi ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1921. Wachache wanajua kwamba aliwahi kuwa mwanafunzi asiye na diploma, asiye na uraia, anayelala katika nyumba ya watu.

Hadithi yenyewe

Albert alizaliwa Ujerumani mwaka 1879. Mwaka 1894 kazi ya baba yake ya vyombo vya umeme ilianguka, na jamaa ikahamia Italia. Yeye aliachwa München amalize shule. Upweke na ukali wa shule ile vilimshinda. Mwezi wa 12 akaondoka bila diploma, akawafuata wazazi.

Mwaka 1895, akiwa na miaka 16, alikwenda Uswisi kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu cha ufundi cha Zürich. Hesabu na fizikia alizijua vizuri, lakini katika masomo mengine alishindwa. Mkuu wa chuo hakumfungia mlango. Alimshauri aende kwanza mji mdogo wa Aarau, amalize shule ya sekondari.

Huko alipokelewa na mwalimu Jost Winteler na mke wake Pauline, watu wasio Wayahudi, wenye watoto saba. Nyumba ilikuwa imejaa tayari, lakini nafasi ilipatikana. Mezani walizungumza juu ya vitabu na mambo ya nchi, na mgeni naye alisikilizwa. Akawapenda kama wazazi wake.

Shuleni vilevile alikuta jambo jipya: mwanafunzi aliachwa aangalie na kufikiri mwenyewe, si kukariri tu. Hapo ndipo alipoanza kujiuliza mtu angeona nini kama angekimbia sambamba na mwanga. Swali hilo lilizaa matunda mwaka 1905.

Mwezi wa kwanza 1896 aliacha uraia wa Ujerumani. Alikaa bila uraia wowote hadi mwaka 1901, Uswisi ilipompa wake. Hata hivyo, mwaka 1896 alifaulu mtihani wa Aarau, akaingia chuo cha Zürich. Kukosa uraia hakukumzuia kusoma.

Tunajifunza nini?

1. Kushindwa mara moja si mwisho. Mwaka mmoja wa kujitayarisha ulitosha kurekebisha njia.
2. Jamaa inayopokea haitoi kitanda tu. Inampa mgeni sikio na heshima.
3. Mkubwa mwenye hekima haulizi karatasi peke yake. Anauliza: mtoto huyu aanzie wapi?

Tusidanganyane. Albert wa mwaka 1895 hakukimbia risasi, na baba yake hakuwa amelala chini ya hema. Mzigo wa watoto wetu ni mzito zaidi. Lakini ukimbizi wenyewe ulimpata baadaye: Wanazi walipotwaa utawala mwaka 1933, hakurudi tena Ujerumani. Mwaka huohuo aliomba iundwe kamati ya kusaidia watu walioteswa na utawala ule. Kutoka hapo lilizaliwa shirika la IRC, ambalo limefanya kazi hata huku kwetu Kongo. Aliyepokelewa akawa msaidizi wa wengine.

Maswali ya kujadiliana

- Katika mtaa wetu, ni watoto wangapi waliohama hawaendi shule? Nani anajua majina yao?
- Mgeni anapokula nasi, je, anaruhusiwa kusema?
- Wewe uliyehama, ni jambo gani jipya umejifunza kwa wenyeji wako? Nao wamejifunza nini kwako?
- Mkuu wa shule afanye nini kwa mtoto asiye na karatasi?

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Jadilianeni somo hili jamaa mbili pamoja, iliyohama na iliyopokea, si kila moja peke yake.