Asbesto Nyumbani: Usiitoboe, Usiivunje

Kenya na Tanzania zina nyumba, shule, zahanati na kota za watumishi za zamani ambazo bado zina mapaa ya asbesto. Kijitabu hiki kinaeleza namna ya kuilinda familia.

Asbesto ni nini?
Ni madini ya nyuzinyuzi. Hayaungui kirahisi wala hayaozi, ndiyo maana viwanda viliyachanganya na saruji kutengeneza mabati ya paa, dari, mabomba na matangi ya maji. Bati la asbesto ni zito, nene, la kijivu, na halishiki kutu. Hata hivyo, jicho peke yake halithibitishi. Kipimo cha maabara ndicho kinachothibitisha. Ikiwa jengo ni la zamani na huna uhakika, lichukulie kuwa lina asbesto.

Inadhuru vipi?
Paa zima lisiloguswa lina hatari ndogo. Hatari huja linapokatwa, kutobolewa, kusuguliwa au kuvunjika. Hapo nyuzi zisizoonekana kwa macho huelea hewani, tukazivuta, zikakwama mapafuni. Mwili hauwezi kuziyeyusha.

Nyuzi hizo huleta asbestosi, yaani makovu ya mapafu yanayobana pumzi. Saratani ya mapafu, ya zoloto na ya ovari. Na mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo. Ugonjwa huweza kujitokeza miaka 10 hadi 40 baadaye, au zaidi. Kwa hiyo fundi asiyekohoa leo asidhani amesalimika. Anayevuta sigara pia huongeza sana hatari ya saratani ya mapafu.

Usifanye haya
- Usikate, usitoboe wala kupiga msasa bati la asbesto.
- Usikwangue ukoga wa paa kwa brashi ya waya.
- Usifagie vumbi lake likiwa kavu.
- Usitumie vipande kujengea banda la kuku, kuzibia njia au kuzungushia bustani.
- Usivichome wala kuvitupa jalalani.
- Usitegemee leso au barakoa ya kitambaa. Haizuii nyuzi hizi.

Fanya haya
- Bati likipasuka, waondoe watoto, lowesha vipande kwa maji taratibu, na uzuie watu wasipite.
- Kabla ya kubadili paa, uliza mamlaka ya taifa ya mazingira (NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya) kuhusu wataalamu wenye kibali. Tangu mwaka 2006, kanuni za Kenya zinaiweka asbesto katika taka hatari.
- Ukipanga nyumba, mwambie mwenye nyumba kwa maandishi kuhusu bati lililovunjika.

Nguo za kazi
Kuna wake na watoto waliougua kwa vumbi lililoletwa nyumbani na nguo za mfanyakazi. Fundi abadili nguo na kuoga kazini. Nguo hizo zisikung'utwe wala kufuliwa pamoja na za familia.

Uende hospitali lini?
Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, ukikosa pumzi, ukiumwa kifua au ukikonda bila sababu, nenda ukapimwe. Kikohozi kinachodumu hupimwa kifua kikuu kwanza, na ni sawa. Kifua kikuu kisipoonekana, usiishie hapo: mweleze daktari kazi zote ulizowahi kufanya, hata za ujana wako, aamue kama unahitaji picha ya kifua. Asbestosi haina tiba ya kuiondoa, lakini mgonjwa akijulikana mapema husaidiwa kupumua vizuri zaidi na kufuatiliwa.

Kabla fundi hajapanda paa, mwonyeshe kijitabu hiki. Naye ana mapafu na familia.