Mlevi anayetaka kuacha aende wapi?

Tunapozungumzia pombe misikitini, mara nyingi tunaishia pale pale: ni haramu, na dalili zake ni hizi. Hakuna Muislamu wa Kariakoo, Magomeni au Mombasa asiyeijua hukumu hiyo. Aliyenasa katika ulevi anaijua kuliko sisi. Asichokijua ni aende wapi na amwambie nani, ili asiiguse tena.

Ndugu msomaji, mlevi wa Kiislamu hujificha mara mbili. Hujificha kwa mkewe na kwa mwajiri wake kama walevi wengine, kisha hujificha kwa jamaa wa msikitini. Huko kujificha ndiko kunakomlea ulevi wake. Wapo walioacha hata swala, kwa kuwa wamesikia Hadithi kwamba swala ya mnywaji haikubaliwi siku arobaini, wakaona basi haina haja. Wanazuoni wameeleza kuwa anachokosa ni thawabu. Ama faradhi iko pale pale, na akiiacha amejiongezea dhambi. Na Hadithi hiyo hiyo inasema akitubu Allah (s.w.t.) humpokea. Sehemu hii ya mwisho husomwa kwa sauti ndogo, sijui kwa nini.

Katika Sahihi Bukhari imo habari ya Swahaba mmoja aliyeletwa mara kwa mara mbele ya Mtume (s.a.w.) kwa kosa la ulevi, akaadhibiwa. Mtu mmoja alipomlaani, Mtume alimkataza, akashuhudia kuwa yule bwana anampenda Allah na Mtume wake. Aliadhibiwa, lakini hakufukuzwa katika jamaa.

Sasa, kikundi cha kusaidiana ni mkusanyiko wa watu waliosumbuliwa na pombe, wanaokaa pamoja mara moja au zaidi kwa wiki, kila mmoja akieleza hali yake bila kukatizwa wala kuhubiriwa. Kinachojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, yaani AA, kilichoanza mwaka 1935 mjini Akron, Ohio, Marekani, kwa watu wawili, dalali wa hisa na daktari, wote walevi. Hakina ada. Sharti lake ni moja tu, kutaka kuacha, na majina ya waliohudhuria hayatoki nje. Mgeni huchagua mwenzake aliyekwisha kukaa muda mrefu bila pombe, wa kumpigia simu hata saa nane za usiku kiu inapompanda.

Hapa Muislamu husita, kwani vikundi vingi hukutana katika kumbi za makanisa na baadhi hufunga kikao kwa sala ya Kikristo. Kukaa ukumbini si kushiriki ibada. Wakati huo anaweza kutoka nje. Waislamu wa Baltimore, Marekani, walianzisha chao mwaka 1989, Millati Islami, wakazipanga upya zile hatua 12 za AA juu ya misingi ya Uislamu. Na Zanzibar, nyumba za upataji nafuu, maarufu kama soba hausi, zimewainua vijana wetu wa heroini kwa hatua hizo hizo, na swala zao tano hawakuziacha.

Lakini kabla ya kikundi liko jambo la hatari. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akikata ghafla mwili humgeuka. Katika siku mbili za mwanzo hutetemeka, hutoka jasho, na wengine huanguka kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi huweweseka na kuona wadudu au watu wasiokuwepo. Nyumba nyingi hapo husema amepandwa na jini. Anaitwa msomaji, na saa zinakwenda. Asomewe, hapana ubaya, ila asomewe akiwa kitandani hospitali, maana hali hii huua na dawa yake ipo. Anayenuia kuacha usiku wa mwandamo wa Ramadhani alijue hili mapema.

Hospitali hiyo hiyo ndiyo mahali pa kuulizia kikundi. Nenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa. Kwa Dar es Salaam ni Muhimbili, kwa Dodoma ni Mirembe. Uliza pia soba hausi iliyo karibu nawe. Wasomaji wetu wa Kenya wanaweza kupiga 1192, namba ya bure ya NACADA. Mwenye simu ya intaneti atapata vikao vya AA vya mtandaoni, na mke wa mlevi atapata Al-Anon, kikundi cha jamaa za walevi kilichoanza 1951. Hudhuria mara tatu au nne kabla ya kuhukumu. Ukiona unauziwa dawa, au unasimuliwa siri za wa kikao kilichopita, ondoka utafute kingine.

Kwa nini basi tusiwe na vyetu? Madrasa zetu nyingi hukaa tupu baada ya Isha. Kamati ya msikiti inayotaka kuanza haihitaji mfadhili: chumba kimoja chenye mlango usioelekea barabarani, mtu aliyekaa miaka kadhaa bila pombe wa kukiongoza kikao, namba ya simu ya muuguzi wa hospitali ya karibu, na makubaliano kwamba imamu hataingia mpaka aalikwe.