Homoni za Uzazi: Karatasi ya Maabara Inasema Nini?

Mama mmoja wa Buzwagi mwenye miaka 32 alikuja kliniki akilia, ameshika karatasi ya maabara. Homoni yake ya AMH ilikuwa chini. Ukoo wa mume ulikuwa umekwisha amua arudishwe kwao na ng'ombe wa mahari wadaiwe. Mume mwenyewe hakuwa amepimwa hata mara moja. Kwa ruhusa yao nawaeleza habari hii, ili tujifunze pamoja.

Homoni ni nini? Ni kemikali zinazotengenezwa na tezi za mwili na kusafiri katika damu, zikiamuru viungo vingine vifanye kazi. FSH hutoka katika tezi iliyo chini ya ubongo na kuamuru vifuko vya mayai vikomaze yai. Hupimwa siku ya 2 hadi ya 4 ya hedhi. Vifuko vikichoka, FSH hupanda, kama mama anayezidi kupaza sauti kumwita mtoto asiyeitika.

AMH hutoka katika vifuko vyenyewe na kuonyesha akiba ya mayai iliyobaki. Ni kama kuchungulia ghala: utajua zimebaki debe ngapi, lakini hutajua kama mbegu zitaota.

Je, AMH ikiwa chini hakuna mtoto? Sivyo. Kipimo hiki humsaidia daktari kukadiria mayai yatakayopatikana mama akipewa dawa za kuyakomaza. Yakiwa machache, nafasi ya matibabu kufaulu hupungua, lakini haiishi. Uzima wa mayai hutegemea zaidi umri: nafasi hupungua baada ya miaka 35, na hushuka sana baada ya 40. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 uliwafuata wanawake wa miaka 30 hadi 44 wasio na historia ya ugumba. Wenye AMH ya chini walishika mimba kwa kawaida karibu sawa na wenzao.

Homoni nyingine hutibika kwa vidonge. Prolaktini ikizidi, au tezi ya shingo ikilegea, yai huweza kushindwa kutoka. Baada ya tiba wengi hushika mimba.

Lakini homoni si yote. Kisonono na klamidia zisizotibiwa huziba mirija ya uzazi, na hakuna kidonge cha homoni kinachoizibua. Tena yai huishi takriban siku moja tu. Mume akirudi kutoka machimboni mara moja kwa mwezi, huenda siku hiyo ilikwisha pita.

Kuhusu kutungisha mimba maabara, Kanisa halikubali njia hiyo, kama ilivyoelezwa katika hati Donum Vitae ya mwaka 1987. Linakubali tiba inayosaidia tendo la ndoa bila kuchukua nafasi yake.

Basi, mkikaa pamoja miezi 12 bila mimba, au miezi 6 ikiwa mama amepita miaka 35, njoni wote wawili. Baba apimwe mbegu mwanzoni kabisa. Ni kipimo rahisi kisicho na maumivu.

Yule mume alikubali kupimwa. Mbegu zake zilikuwa chache mno. Ng'ombe hawakudaiwa tena. Mtoto bado hajapatikana, lakini siku hizi kliniki wanakuja pamoja.